Sindano Yatangulia

Nasor kaja na spika tatu kutoka Maskati,
nyeupe, za mviringo, hazina waya,
mfano wa mayai ya ndege tusiyemjua.
Moja kaiweka jikoni juu ya kabati la sahani,
moja ukumbini, moja chumbani kwa mama yake,
kisha kakaa chini, simu mkononi,
akatuma mtoto aniite.

Miye ni Kombo, fundi wa Limbani, hapa hapa Wete.
Nimefungua redio tangu zamani za taa za kioo,
tangu betri zikianikwa juani zipate roho ya pili.
Lakini kitu kisicho na parafujo
nakishika kwa adabu, kama mtoto wa watu.

"Mama ataka santuri zake," akasema,
"na spika hizi hazina tundu."

Mashine ya santuri naijua.
Kifuniko kimepasuka, na mkanda wake
ni mpira wa baiskeli, nimeukata mwenyewe
mwaka ule karafuu zilipozaa mpaka matawi yakavunjika.
Nyuma, waya mwekundu, waya mweupe,
na wa tatu, wa ardhi, mwembamba, mkiwa,
ambao watu huukata wakidhani uzi tu.

"Sauti ya santuri ni mnong'ono," nikamwambia.
"Yataka kikuza kwanza kiinyanyue,
ndipo aipokee huyo mjumbe wenu wa hewani."
Akacheka: "Kikuza? Miye najua Tukuza, ile mita."
Na mita nayo, ukutani, ikalia pii,
uniti zakaribia kwisha.

Tukaunga.
Mashine kwenye kikuza, kikuza kwenye kisanduku
chenye kijitaa cha buluu kinachokonyeza.
Kisanduku kikatafuta, kikatafuta,
kikashikana na spika ya jirani.
Salama binti Faki katoa kichwa dirishani:
"Nani anangurumia ndani mwangu?"

Ilikuwa kosa langu. Nilimsahau mkiwa.
Nikambana chini ya parafujo,
na ule mngurumo ukakatika
kama maneno ya watu mgeni akipiga hodi.
Nasor akabonyeza simu, akabonyeza tena,
spika zake zikaitika, moja, mbili,
ya jikoni ikachelewa, kisha nayo ikasema labeka.

Bi Mize kavuta kiti mpaka ubavuni mwa mashine.
Macho yake yana ukungu sasa, karatasi ya santuri haisomi,
huipapasa ukingoni mpaka kidole kikute pengo.
"Hii," akasema.
Nikashusha sindano.

Kimya kule kwenye spika.
Lakini hapa, chini ya mkono wangu, kwenye sindano yenyewe,
udi wa mdudu, mwimbaji wa kimo cha sisimizi
aliyekwisha anza.
Pumzi moja, ndipo nyumba nzima ikajaa,
jikoni, ukumbini, chumbani, sahani zikatetemeka.

"Wasikia, mama? Nyumba nzima!"

"Nasikia wawili," akasema Bi Mize.
"Mdogo yuko hapa, ndiye asemaye kwanza.
Yule mkubwa anamwigiza."

Nasor akaitazama simu, akasema pana pahala pa kurekebisha.
Hapana. Sauti yafungwa, yarushwa, yafunguliwa;
safari ni safari, hata ya hatua nne.
Sikumwambia. Nauli ya mayai yale naijua,
na ushuru wa bandarini.

"Izimeni ya hapa," akasema mama,
"na ya chumbani. Weye nenda jikoni, Nasor.
Huko yuko mmoja tu, hutababaika."

Akaenda.
Bi Mize akainamisha sikio karibu na sindano,
kama amwambiwaye siri na mtoto.
Palikuwa na ubeti wa kijembe, mke mwenza na kanga yake;
akatabasamu.
Pumzi moja baadaye, kule jikoni,
mwanawe akaangua kicheko.

Nami mlangoni, bisibisi mkononi,
sikujua nicheke lini.